Kuufuata mto Pangani toka Chemka hadi Fungu la Maziwe: siku tisa kwa basi, bodaboda na mashua

#1 Mtoto wa Lwengera

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Nilipata likizo ya wiki mbili nikaamua kutimiza jambo nililoliahirisha tangu nipo shule ya msingi: kuufuata mto Pangani kutoka juu mpaka unapomwaga baharini. Mimi nimezaliwa Korogwe. Utotoni tuliogelea Lwengera, tukakatazwa kuusogelea mto mkubwa kwa ajili ya mamba, na kila masika tukausimamia kwa mbali kuutazama ukigeuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini unatoka wapi hasa na unaishia vipi, hayo niliyasikia darasani tu.

Ipo na sababu ya nyumbani. Babu mzaa baba alitoka Kasulu kuja kukata mkonge, enzi za manamba, wale vibarua wa mashambani walioletwa kutoka mbali. Hakurudi Kigoma tena. Baba kazaliwa kambini, mimi nimezaliwa Korogwe, na ukiniuliza kwetu wapi nakujibu Tanga bila kufikiri. Mkonge ndio uliotuleta, na mkonge wenyewe uliingilia nchi hii kwenye mdomo wa mto huu huu. Nilitaka nipaone mahali hapo kwa macho yangu. Nitafika huko, ila naomba nianze juu kama maji yanavyoanza.

Kwa asiyeujua: Pangani una mikono miwili. Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya upande wa kusini wa Kilimanjaro. Ruvu (si ile ya Pwani, majina tu yamefanana) huja na maji ya upande wa mashariki kupitia ziwa Jipe, na sehemu ya maji hayo hupita kwanza Kenya kwa mto Lumi. Inakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, halafu safari inaendelea hadi Korogwe, Hale, na mji wa Pangani. Jumla ni kama km 500.

Nitaandika kidogo kidogo. Maswali ruksa.

#2 Mtoto wa Lwengera

CHEMKA. Wengi mnapajua kwa picha. Unashukia Boma Ng'ombe, unachukua bodaboda kwenye vumbi ambalo halina mfano, na ghafla katikati ya ukame kuna kijisitu cha mikuyu na maji ya rangi ya samawati ambayo chini yake unahesabu mawe. Wanapaita maji moto ila ni vuguvugu. Ni maji ya mlimani yaliyozama ardhini na kuibukia hapo, na yanaingia Kikuletwa. Mtu anayerukia kamba pale anaoga kwenye mwanzo wa mto Pangani, na sidhani kama wanaojua hilo ni wengi. Nendeni siku ya kazi, asubuhi. Jumamosi kuna muziki na watu hamtaonana. Na usiyejua kuogelea vaa boya, kina kipo.

Kabla sijashuka nilipita kwa rafiki yangu Machame akanionyesha mfongo uliopita nyuma ya nyumba yao. Mfereji wa kuchimbwa kwa mikono, unafuata mteremko wa mlima kwa hesabu ambayo fundi wa leo angeipigia vipimo vya kila namna, na wao waliupima kwa macho na kwa maji yenyewe. Kila ukoo una siku zake. Alivyonieleza, anayefungua maji siku isiyo yake hawezi kukaa kikao cha wazee akatazamwa usoni. Upareni nako nilikuta kitu cha jamii hiyo: ndiva. Ni bwawa dogo la udongo juu ya mashamba, linakusanya maji usiku, asubuhi linafunguliwa kwa zamu. Pale Makanya wanalo linalotumika mpaka leo.

Nimeanza na haya makusudi. Watu wakisema urithi wa mto huu wanarukia majumba ya Pangani mjini. Majumba yale yamebaki kuta. Mfongo na ndiva vinafanya kazi.

#3 Mama Wawili

Ndugu mtoa mada asante. Chemka naweza kwenda na watoto wa miaka sita na tisa? Na Nyumba ya Mungu kuna la kuona au ni bwawa tu?

#4 Mtoto wa Lwengera

Dada, Chemka ndiyo, ila uwe nao majini mkono kwa mkono, na kwa huyo wa sita nenda na boya lake kutoka nyumbani.

Nyumba ya Mungu mimi nilipapenda kuliko nilivyotegemea. Lilijengwa miaka ya 1960, umeme wake mdogo, megawati 8, lakini kazi yake kubwa ni kulimbikiza maji ya mitambo iliyo chini. Jioni wavuvi wanarudi na mitumbwi, perege wanakaangwa hapo hapo ufukweni, Kilimanjaro inaonekana ikitaka. Kuna aina za perege ambazo asili yake ni bonde hili tu, huwakuti kwingine duniani ila walikopelekwa. Mvuvi mmoja alinionyesha tofauti ya mapezi kwa utaratibu kama mwalimu. Hakuna hoteli ya maana, lala Mwanga au Moshi.

Chini ya bwawa mto unaingia Kirua, kinamasi kirefu. Zamani ulifurika kila mwaka na wafugaji, wavuvi na wakulima walipanga maisha yao kwa mafuriko yale. Tangu bwawa lijengwe mafuriko yamepungua sana na kinamasi kimesinyaa. Sehemu hii niliipita kwa basi, sikupata mwenyeji wa kunitembeza, kwa hiyo naiachia hapo.

#5 Mtoto wa Lwengera

KOROGWE HADI HALE. Nyumbani nilikaa siku mbili. Mzee wangu nilimkuta kakaa barazani, nikamwambia nautafuta mwisho wa mto. Akacheka, akaniambia nipite kwanza korona.

Kwa wasiokulia mkongeni: korona ni kiwanda cha kusaga majani ya mkonge kutoa singa, yaani nyuzi zake. Jina la mashine limekuwa jina la jengo, na mtu wa Tanga akisema "nafanya kazi korona" hajazungumzia ugonjwa. Korona aliyokuwa akipeleka mabunda babu yangu sasa imebaki mabati na chuma, na miti imeotea kwenye reli ya vile vitoroli. Mzee mmoja anayelinda pale alinionyesha ulipokuwa mfereji wa maji machafu, ule uji wa kijani, ukiteremka hadi mtoni. Akanionyesha na mahali walipopanga foleni na vipande vyao. Kipande kilikuwa kadi ya siku thelathini za kazi: hakijajaa, hakuna mshahara kamili. Babu alivihifadhi vyake kwenye kopo la majani ya chai. Vililiwa na mchwa nikiwa darasa la nne na naona uchungu mpaka leo.

Hale ina maporomoko, na chini ya ardhi kuna mtambo wa megawati 21 uliowashwa 1964. Mbele kidogo ni Pangani Falls, megawati 68. Huingii bila kibali, msijisumbue kufika na kamera. Lakini barabara ya pembeni, milima ya Usambara ikiwa nyuma yako na mashamba ya mkonge yamejipanga kama askari, ni ya kutembea kwa baiskeli. Nilikodi moja Hale nikazunguka nusu siku. Upepo, mistari ya mkonge, reli ya zamani ya Tanga hadi Moshi iliyofika Mombo 1905 na Moshi 1911. Bonde hili lilikuwa njia kabla ya reli pia. Misafara ya pembe na watumwa iliteremka humu humu.

#6 Mdigo wa Mwambani

Mkuu usiruke Tongoni. Ukitokea Tanga kwenda Pangani ipo njiani kabisa.

#7 Mtoto wa Lwengera

Sikuruka kaka. Nilirudi Muheza, nikaenda Tanga, nikashuka Tongoni kwa daladala ya Pangani. Msikiti wa kale na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yana nguzo, na kwenye nguzo zile unaona mashimo ya duara yalipokuwa mabakuli ya Kichina. Vasco da Gama alipita pwani hii 1498, na aliporudi 1499 aliichoma moto moja ya merikebu zake mwenyewe, São Rafael, kwenye mafungu ya karibu na hapo, kwa sababu mabaharia hawakutosha tena kuziendesha zote. Nilikuwa peke yangu na mbuzi watatu. Nilisimama kwenye kibla cha msikiti ule nikaona mikoko na bahari, na nilikaa muda mrefu.

#8 Mtoto wa Lwengera

PANGANI MJINI. Hapa nilikaa siku nne na ningeweza kukaa kumi.

Mji umekaa mkono wa kushoto wa mto. Ng'ambo ni Bweni, mlima wenye minazi. Katikati pantoni inakwenda na kurudi, na mto hapo ni mpana, mzito, rangi ya kahawa. Nilipopita daraja la barabara ya Bagamoyo hadi Tanga lilikuwa linajengwa, kwa hiyo mnaopenda kuvuka kwa pantoni msichelewe.

Tembea na mwenyeji. Mimi nilitembezwa na kijana aliyejifunza kwa bibi yake, anajua nyumba kwa nyumba. Boma la zamani na milango yake ya nakshi, ghala la watumwa kando ya mto, mtaa wa Wahindi wenye roshani za mbao zinazoning'inia. Nyumba kadhaa zimeanguka paa tangu alipokuwa mtoto. Anazitaja kwa majina ya waliokaa, kama mtu anayehesabu marehemu.

Sasa nisikilizeni juu ya Abushiri, maana shuleni tulipewa mistari mitatu tu.

Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mwenye shamba la miwa hapa hapa kando ya mto. Bonde la chini la Pangani karne ya 19 lilikuwa mashamba ya miwa, na waliolima ni watumwa. Lazima tulitaje hilo kabla ya kumpamba mtu. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilikuja kushika mji kwa mkataba iliouandikiana na Sultani wa Unguja. Ofisa wao hapa, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe, na inasimuliwa askari wake waliingia na mbwa msikitini siku za Idi. Mji ukawaka. Waliosimama hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwemo watu wa bara, wapagazi, wavuvi. Vita ikaenea pwani nzima, na huko Saadani Bwana Heri akawa na mapambano yake. Hermann von Wissmann aliletwa na askari wa kukodi na mizinga, Pangani ikachukuliwa Julai 1889, Abushiri akakimbilia bara, akakamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa hapa Pangani. Leo kuna kata wilayani inaitwa Bushiri.

Jambo lililonishtua mimi niliyetoka juu ya mto: Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro tarehe 6 Oktoba 1889, mwaka mmoja kabla alikuwa ametiwa minyororo na watu wa Abushiri. Yeye na mwenzake Oscar Baumann walikamatwa wakitokea Usambara, wakaachiwa baada ya kulipa fidia. Vitabu vya mlima vinaanzia mlimani. Ukiufuata mto unakuta kwamba mlima na mji huu ni habari moja.

Zelewski naye hakufika mbali. Agosti 1891 aliuawa Lugalo na jeshi la Mkwawa.

#9 Kigoda cha Mvule

Umesahau kusema kwamba kwenye nguzo za Boma walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame. Kila mtu Pangani anajua.

#10 Mtoto wa Lwengera

Nimelisikia mkuu, na mwenyeji wangu alinisimulia huku amegusa nguzo kwa kiganja. Nimeliacha kwa sababu ni masimulizi ya watu, na nayaheshimu kama masimulizi. Yaliyothibitika yanatosha kumtoa mtu machozi: watu waliteremshwa bonde hili wamefungwa, wakahifadhiwa kwenye ghala lile kando ya maji, wakavushwa kwenda Unguja na Pemba, na wengine wakabaki hapa kukata miwa.

#11 Mzee wa Bweni

Wanangu, nimesoma. Mtoa mada umesema kweli. Ila hujawaambia watu namna ya kupanda mto. Wageni wanakuja saa sita mchana wanataka boti, maji yanakupwa, wanasukumana na mkondo, wanaunguza petroli na hawaoni ndege hata mmoja. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hujaa kama saa kumi alasiri. Ondoka saa nane, upande nayo. Yakikaa kidogo yakaanza kutoka, geuza, mto utakurudisha wenyewe. Upepo wa kusi ukiwa mkali baharini usiende Maziwe, panda mto.

#12 Mtoto wa Lwengera

Shikamoo mzee wangu. Hivyo hivyo ndivyo nahodha wangu alivyofanya na sikuelewa mpaka tulipogeuza.

Tuliondoka saa nane na dakika. Bahari ilikuwa inaingia mtoni, mtu unaiona: mapovu na majani yanaelekea milimani. Alizima injini mara nyingi, tukabebwa. Kwanza mikoko pande zote mbili, akanitajia: mchu ule unaosimamisha vijiti vya pumzi kwenye tope, mlilana unaosimama mbele kabisa, mkandaa wa kutilia rangi nyavu, msinzi wa boriti. Halafu minazi. Mdiria mdogo wa buluu aliyekaa kwenye upondo wa mtu anayevua. Furukombe juu ya mnazi uliokauka kichwa. Mbega wawili kwenye mti mkubwa wa ng'ambo, mikia imening'inia kama mataulo meupe. Mamba tulimwona mmoja tu, kwa hiyo msioge mtoni hata mkiwaona watoto wa pale wanaoga.

Kuhusu ile minazi isiyo na kichwa nilimuuliza. Akaniambia niteke maji nionje. Nikaonja. Chumvi. Tulikuwa tumepanda muda wa saa nzima na zaidi kutoka baharini. Akasema baba yake alikuwa anakunywa maji ya mto sehemu ile, na mpunga ulilimwa kando yake. Maji yanayoteremka yamepungua, kwa hiyo yanayopanda yamepata nafasi. Aliyazungumza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mzazi.

Ndugu zangu, nilikuwa nimetoka juu. Niliyaona mashamba ya miwa ya Arusha Chini, nikayaona mabomba ya wakulima wa mboga kandokando ya Kikuletwa, nikaliona bwawa na mitambo ya Hale. Kila mmoja niliyemkuta alikuwa na haja ya kweli. Hakuna hata mmoja niliyemwona mwovu. Na hapa chini kuna mnazi umekauka kichwa. Wanaosimamia maji ya bonde wana ofisi yao Moshi. Ningependa watoto wa shule za Hai na Same waletwe hapa siku moja, waonjeshwe maji haya.

Jua likashuka, maji yakageuka, tukarudi bila injini. Sikusema neno mpaka gatini.

#13 Mama Wawili

Hapo kwenye kuonja maji nimesimamisha kusoma nikamsomea mume wangu. Endelea.

#14 Mtoto wa Lwengera

MAZIWE, kwa ufupi, maana picha zake zimejaa kila mahali. Unaondokea Pangani au Ushongo asubuhi ya bamvua, ufike maji yamekupwa, fungu limechomoza. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, kasa wakitaga. Miti ilikwisha, mawimbi yakala ardhi, sasa maji yakijaa hakuna kitu cha kukanyaga. Kasa bado wanapanda kutaga, kwa hiyo mayai huhamishwa hadi Ushongo yaanguliwe, vinginevyo bahari ingeyafunika. Ni hifadhi ya bahari, kuna kiingilio, lipeni na mpokee stakabadhi. Msisimame juu ya matumbawe. Miwani ya kupigia mbizi nendeni na yenu, niliyokodi mimi ilivuja mwanzo mwisho.

#15 Mtoto wa Lwengera

KIKOGWE. Siku ya mwisho nilivuka kwa pantoni, bodaboda ikanipeleka juu ya Bweni kuelekea kusini.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonyo, yaani miche midogo, elfu moja vya mkonge kutoka Florida. Vilipitia Hamburg. Vilivyofika hapa vikiwa hai vilikuwa 62. Vikapandwa Kikogwe. Kutokana na hivyo yakatoka mashamba ya Tanga, ya Korogwe, ya Kilosa, reli, korona, makambi, treni za manamba kutoka Kigoma na kwingineko, na mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa, ya kwanza duniani.

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza madafu kama anajua ulipopandwa mkonge wa kwanza. Akanyoosha mkono kwenye eneo lote, akasema, "Huko huko. Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia Korogwe. Akauliza, na kabla ya Korogwe? Nikamwambia Kasulu. Akaniita mtoto wa manamba, kwa upole, akanikatia dafu la pili bila kulitoza. Mumewe, akasema, watu wake walitoka Songea kwa kazi ile ile.

Mkonge umeota hovyo kandokando ya njia. Nilikata jani moja, nikalifunga kwenye gazeti.

#16 Mzee wa Bweni

Na jani umelifikisha?

#17 Mtoto wa Lwengera

Nimelifikisha mzee. Nilimpa baba barazani. Alilipima kwa mkono toka kidoleni hadi kwenye kiwiko, akalipita mwiba kwa kidole gumba, akasema limekatwa changa, babu yenu angelikataliwa hili. Kisha akaliweka juu ya kabati ya vyombo na bado lipo pale.

Ameniuliza bamvua ijayo ni lini. Anataka kupanda pantoni. Mzee wangu wa Bweni, wewe mwenye hesabu za mwezi, nisaidie tarehe.